Juu ya Neno "Let" la Kiingereza

Katika maneno mafupi ya Kiingereza hakuna lililotutia aibu kuliko neno "let". Lina herufi tatu tu. Mtoto hulipata mapema darasani, huambiwa kwamba maana yake ni kuruhusu au kuacha, na hapo somo huishia. Kasoro ya somo hilo haionekani mpaka mtoto yule akue, awe mwalimu au kasisi, akaifungua Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ili atengeneze mahubiri.

Na afungue Kutoka, sura ya 5. Katika aya ya 1 Musa na Haruni wamtaka Farao awape watu ruhusa waende zao, na neno lililotumika ni "let". Katika aya ya 4 Farao awakemea wawili hao kwa kuwazuia watu wasifanye kazi zao, na neno ni lile lile. Msomaji ashikaye maana moja tu atamwona Farao akiwalaumu kwa kuruhusu, nao hawakuwa na mamlaka ya kuruhusu lolote.

Hapo kosa hujitangaza lenyewe. Baya zaidi ni lile lisilojitangaza. Katika Waraka wa Pili kwa Wathesalonike, 2:7, Paulo ataja yule azuiaye siri ya uasi mpaka wakati wake, na tafsiri ile ya 1611 hutumia "let" mara mbili kwa habari zake. Sisi, tulipokuwa waalimu wapya, tulifundisha mbele ya watu kwamba Paulo asema juu ya yeye aruhusuye uovu. Hakuna aliyetusahihisha, kwa kuwa maneno yalitiririka vizuri. Mzee mmoja alitufuata nje akauliza kama huyo aruhusuye ni Mungu mwenyewe, nasi tukamjibu kwa ujasiri mwingi kwamba ndiye. Alikufa kabla hatujajua kosa letu. Lau tungalitazama aya ya 6 tungalijua, maana pale Kiyunani kina kitenzi kile kile, na Kiingereza cha 1611 kimekifasiri kwa neno jingine lililo wazi, la kuzuia. Wasahihishaji wa Agano Jipya la Kiingereza waliliondoa "let" katika aya ya 7 mwaka 1881. Lakini kitabu tulichokuwa nacho kilikuwa cha zamani, na wengi hukipenda hata leo.

Asili ya jambo ni kwamba haya yalikuwa maneno mawili. Kiingereza cha kale kilikuwa na "lætan", yaani kuacha, na "lettan", yaani kuchelewesha au kuzuia. Hili la pili ni ndugu wa "late", kuchelewa. Miisho yake ilipopukutika sauti zikawa moja. Wataalamu husema kwamba mbali zaidi huko nyuma yote mawili yatoka katika shina moja lenye maana ya kulegea, lakini undugu huo haumsaidii mtoto darasani.

Wala neno la pili halijafa. Latumika katika mchezo wa tenisi, mpira unapogusa wavu wakati wa kuanzisha. Limo katika pasipoti ya Uingereza, ambamo waziri aomba mwenye pasipoti apite pasipo "let". Mtu akifasiri kama alivyofundishwa, atasoma kwamba apite pasipo ruhusa! Limo pia katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Hamlet, pale mwana wa mfalme awatishapo wamzuiao asimfuate mzuka. Ama ile "let" iliyo mwishoni mwa jina "booklet", yaani kijitabu, ni kiambishi kilichotoka Kifaransa, wala haina ukoo na hizi.

Kiswahili nacho hulinyoosha neno acha pande mbili: twamwachia mfungwa aende, na twamwachisha mtoto ziwa. Lakini chetu hubadili mwili wa neno, na sikio husikia tofauti. Kiingereza huificha, kikamwachia msomaji kazi ya kuuliza ni nani amtendeaye nani.

Tuna shaka pia juu ya wale waliozoea kuweka "acha" kila waonapo "let", hata katika sala. Wacha niende ni maneno ya mazungumzo, wala hatuyalaumu. Lakini siku hizi twasikia "Acha tuombe" kanisani, kana kwamba kuna mtu aliyetuzuia. Tuombe yatosha. Katika Mwanzo 1:3, Mungu alipoiamuru nuru, Kiingereza kilihitaji "let" kwa sababu kitenzi chake hakina umbo la namna hiyo. Kiswahili chalo tayari, katika irabu e ya neno iwe.