Mkataba wa Jumuiya na Suala la Sauti Moja

Katika semina zetu hurudiwa hoja kwamba Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ukirekebishwa, Jumuiya itakuwa na sauti moja duniani. Hoja hii ni nusu ya ukweli, na kada hana budi kuichambua.

Mkataba wa 1967 uliweka maamuzi makubwa mikononi mwa Marais watatu. Idi Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971, Marais hao hawakukaa tena kikao kimoja, na mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mkataba wa 1999 ulirekebisha kasoro hiyo kwa kuunda Bunge na Mahakama, na kwa kutaja Shirikisho la Kisiasa kuwa lengo la mwisho. Ibara ya 123 inadai sera ya nje ya pamoja. Lakini Ibara ya 7 inaruhusu baadhi ya nchi zitangulie.

Ukinzani huo ulidhihirika mbele ya Umoja wa Ulaya. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi. Tanzania ilikataa ili kulinda viwanda vyake. Februari 2021 Wakuu wa Nchi waliruhusu anayetaka aendelee, na Desemba 2023 Kenya ikasaini peke yake. Tusiilaumu kijuujuu: sisi, tukihesabiwa miongoni mwa nchi maskini zaidi, tuliuza Ulaya bila ushuru hata bila mkataba huo, Kenya haikuwa na nafasi hiyo. Na sisi tujikosoe: mwaka 2000 tulijitoa COMESA tukabaki SADC, huku Kenya na Uganda zikibaki COMESA.

Anayeumia ni nani? Mkulima wa chai wa Usambara, kule Lushoto, huuza jani bichi kwa bei asiyoipanga. Kwa miaka mingi chai ya Tanzania, Kenya na Uganda imepigwa mnada pamoja Mombasa, kwa dola, na sehemu kubwa husafirishwa bila kufungashwa. Chai imeungana, wenye chai bado wamegawanyika mbele ya mnunuzi.

Kwa hiyo msimamo sahihi ni huu: ndani ya Jumuiya mwendo unaweza kutofautiana, lakini nje tujadiliane pamoja au tusijadiliane kabisa. Marekebisho yasiyoweka sharti hilo, na yasiyounganisha uzalishaji wa wakulima wetu, yatampa beberu milango mingi ya kubisha.