Gasketi ya Kukata Nyumbani: Angalia Unene Kwanza

Mtu akikata gasketi mwenyewe, wasiwasi wake wote huwa kwenye umbo: matundu yamekaa sawa? Ukingo umefuata kava? Umbo ukilikosea utaona palepale, oili itavuja. Unene ukiukosea, injini itawaka vizuri tu, kisha ikusumbue kwa miezi bila kukuambia kwa nini.

Tuchukue Honda CG125, injini ambayo nakala zake za Kichina zimejaa kwenye vijiwe vya bodaboda. Kipenyo cha silinda ni milimita 56.5, na pistoni hutembea milimita 49.5, ndizo cc 124 hizo. Tuseme kompresheni ni 9 kwa 1. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama cc 15.5. Sasa bloku limevuliwa, gasketi ya chini yake imechanika, na fundi amekata nyingine kwa kadi iliyozidi ile ya kwanza kwa nusu milimita. Bloku linapanda kwa kiasi hicho, lakini pistoni inaishia palepale ilipokuwa ikiishia. Nafasi inaongezeka kwa cc 1.25 hivi, na kompresheni inashuka hadi karibu 8.4 kwa 1. Mlimani pikipiki inakuwa nzito, na lawama zinaiendea kabureta.

Hasara haiishii hapo. Valvu za CG125 husukumwa na fimbo ndefu zinazotoka chini ya injini. Hedi ikipanda, fimbo hazirefuki, kwa hiyo uwazi wa tapeti, ambao hutakiwa kuwa milimita 0.08, unapanuka mno. Asiyeseti tapeti upya atasikia zinagonga. Kwenye injini zenye kemu juu na cheni, majira ya valvu nayo husogea kidogo. Gasketi nyembamba kupita kiasi pia ina hatari yake, kwani pistoni na valvu zinasogeleana.

Ndiyo maana gasketi kuukuu haitupwi kabla ya kupimwa. Pima kwa vernia mahali palipobanwa, karibu na tundu la bolti, na siyo kwenye ukingo uliochomoza nje ambao haujawahi kukandamizwa. Kisha tafuta karatasi ya unene huo. Wapo wanaotumia bati la kopo la soda chini ya bloku. Lina unene wa takriban milimita 0.1, na alumini haijazi mikwaruzo kama karatasi inavyojaza.

Kava la klachi na kava la tapeti havina ugomvi mkubwa wa unene, na hapo ndipo mkono wa nyumbani unapofaa. Karatasi ya gasketi ya dukani ni bora, ingawa kadi ngumu isiyo na nailoni huweza kukufikisha. Paka ukingo wa kava oili kidogo, laza karatasi, ibonyeze kwa kiganja, alama itajichora. Weka gololi ya beringi juu ya tundu la bolti na uigonge kwa nyundo: kiduara kinadondoka kikiwa kimekatika safi. Toboa kwanza matundu mawili yanayotazamana, pitisha bolti ili karatasi isihame, ndipo uendelee na mengine. Tundu la njia ya oili, kama lipo, lisisahaulike. Karatasi ikiliziba, oili haitafika inakotakiwa. Kwenye kingo, gonga polepole kwa nyundo ndogo, kwa mshazari, na ukingo wa kava wenyewe ndio unaokata. Ukigonga kwa hasira utaacha mabonde kwenye alumini. Sehemu kubwa ya katikati iondoe mwisho, maana ikishatoka, kinachobaki ni utepe unaolegea na kuvutika.

Kutumia tena gasketi ya karatasi kunategemea ilivyofungwa mara ya kwanza. Iliyopakwa grisi pande zote mbili huachia nzima. Iliyofungwa kavu huganda, na mtu huishia kukwangua kwa bisibisi, kosa baya kuliko kuvuja kwenyewe, kwa sababu mkwaruzo wa alumini hauondoki. Tumia kipande cha plastiki ngumu. Gasketi za zamani sana huenda zina asbesto, kwa hiyo zilowanishe kwanza, zisikwanguliwe kavu. Ile iliyokauka dukani ikapungua hadi matundu hayakutani, ilowekwe majini kidogo; mara nyingi hurudi.

Shaba nyekundu ina bahati zaidi. Washa ya bolti ya oili au pete ya ekzosti hukakamaa kwa kubanwa. Ichome hadi iwe nyekundu iliyofifia, iache ipoe au itumbukize majini. Tofauti na chuma, maji hayaifanyi ngumu. Futa weusi kwa msasa laini, urudishe.

Gasketi ya hedi yenye tabaka na pete ya chuma sishauri irudishwe wala ikatwe nyumbani. Imekwisha kujipinda kufuata hedi ile, na moto unaipita jirani kabisa. Inunuliwe.

Silikoni nayo ina mahali pake: uzi mwembamba, na siyo donge. Inayojiminya nje unaiona na kuifuta. Inayojiminya ndani hukatika vipande na kwenda kuziba chujio la oili. Kwenye bakuli la kabureta usiiweke kabisa, kwa kuwa petroli huivimbisha na kuilainisha.