Yule wa Shijiazhuang na Wale Wasiouawa

Kiswahili humlazimisha mfasiri kuamua jambo ambalo Kichina humwachia msikilizaji. Neno la Kichina linalomtaja mkazi wa jiji la Shijiazhuang halionyeshi kama ni mmoja au ni wengi. Kwetu hakuna pa kujificha, ama ni *mtu* ama ni *watu*. Tofauti hiyo ndogo ya ngeli ndiyo inayotenganisha nyimbo mbili zenye lahani moja.

Wimbo wa kwanza, ambao jina lake naweza kulifasiri “Kumuua Yule Mtu wa Shijiazhuang”, umo katika albamu ya kwanza ya bendi huru ya Omnipotent Youth Society, iliyotoka mwaka 2010. Shijiazhuang, makao makuu ya mkoa wa Hebei, ndiko bendi hiyo ilikotoka. Ni jiji lililokuzwa na reli, kisha na viwanda vya nguo na kiwanda kikubwa cha dawa kilichoanza uzalishaji mwaka 1958. Kiwanda hicho cha dawa kinatajwa katika wimbo, na soko la mjini pia, pamoja na mke na mtoto. Mtunzi wa maneno, Ji Geng, hatoi hoja wala halaumu. Anapanga vitu vya siku ya kawaida mpaka siku yenyewe inaporomoka. Wengi wameusoma wimbo huu kama maombolezo ya wafanyakazi waliopunguzwa viwandani miaka ya 1990, na sina ugomvi nao. Ila nguvu yake, kwa maoni yangu, imo katika kiashiria *yule*. Anayeelekezewa kidole ni mmoja, ana saa yake ya kutoka kazini, na kwa hiyo kufa kwake kunawezekana.

Mwaka 2021, baada ya Shijiazhuang kufungwa mwezi Januari kwa sababu ya UVIKO-19, umoja wa vijana wa chama tawala mkoani Hebei ulitoa toleo lenye maneno mapya. Jina likageuzwa kuwa la mkazi asiyeweza kuuawa, na kile kiashiria kikaondolewa. Hapo mfasiri hana budi kuandika *watu*: “Watu wa Shijiazhuang Wasiouawa”. Mashabiki walichukizwa. Kulisifu jiji lililougua si kosa. Hata tenzi zetu zimejaa sifa za miji. Kilichoharibika ni fani. Maneno mapya hayana mtu ndani yake, na ustahimilivu usio na wa kuumia hauna uzito.

Matamasha ya mwaka 2023 yanahitaji hukumu ya upole zaidi. Mwezi Julai serikali ya jiji ilianzisha kampeni ya kulitangaza Shijiazhuang kuwa jiji la muziki wa roki, kwa maonyesho ya bure bustanini na madukani, hata ndani ya mabasi. Wapo waliocheka. Lakini dai hilo halikutoka hewani: majarida mawili ya muziki yaliyosomwa na vijana wa mikoani, *Tongsu Gequ* na *Wo Ai Yaogunyue*, yalichapishwa Shijiazhuang. Isitoshe, bendi changa inayopata abiria wa basi kuwa wasikilizaji wake haina sababu ya kukataa kwa ajili ya usafi wa jina la uhuru. Ningependa tu kujua ni nyimbo gani zinazoruhusiwa kupanda basi hilo, kwa kuwa sifa ya roki inayouzwa kwa wageni imejengwa kwa sehemu kubwa na wimbo wa 2010, ule ulioonekana kuhitaji kurekebishwa.

Na marekebisho yenyewe hayakufika mbali. Lahani iliachwa ilivyo. Anayeujua wimbo wa kwanza akilisikia toleo jipya likiwaimba wengi, maneno ya zamani humjia chini ya yale mapya, pamoja na yule mmoja.