Kuipima Faharasa ya Dalili

Katika vituo vya afya vya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, ambako aghalabu muuguzi huamua peke yake pasipo daktari wala maabara kubwa, kuna kitabu kiitwacho ordinogramu, nacho ni faharasa ya dalili: mgonjwa hutaja linalomsumbua, muuguzi hufungua ukurasa wa lalamiko hilo, na kwa maswali ya ndiyo au la huteremka kwa mishale hadi afikie dawa au rufaa. Nakala ni nyingi, wala hazilingani kwa thamani.

Mwenye kutaka kuzipambanua na autazame mlango wa kila moja. Mgonjwa haji na jina la maradhi. Huja akisema, “Muganga, mwili yote inaniluma,” ilhali faharasa iliyopangwa kwa majina ya maradhi humtaka muuguzi ajue jawabu kabla ya kuuliza. Mahomeopathi, ambao dawa zao hazijapata ithibati ya sayansi, walikuwa mafundi wa kupanga faharasa kwa dalili: James Tyler Kent wa Marekani, katika faharasa aliyoanza kuitoa mwaka 1897, alitanguliza hali za akili, akashuka kichwani, machoni, hadi viungoni, kisha usingizi, homa na ngozi, na kwa tafauti ya herufi akaonyesha daraja ya kila dawa. Lakini hakupanga dalili kwa hatari yake, na hapo ndipo ordinogramu njema inapompita.

Kwani ukurasa mwema wa mtoto mwenye kikohozi hauanzi na kikohozi: huuliza kwanza kama hawezi kunyonya wala kunywa, kama hutapika kila kitu, kama amepata degedege, kama amelegea au amezimia, na ndiyo moja yatosha kumpeleka hospitali. Kisha humwamuru muuguzi ahesabu pumzi za mtoto aliyetulia kwa dakika nzima, na mpaka wake ni 50 kwa mwenye miezi 2 na asiyefikia 12, na 40 kwa mwenye mwaka 1 na asiyefikia miaka 5. Ukurasa usemao “akihema upesi” ukanyamaza, ukatae. Kila muuguzi ana upesi wake.

Uchakavu wa kurasa si kasoro, bali ukale wa maarifa ni kasoro. Ebola iliyotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, baada ya wagonjwa kuonekana Mangina, na iliyodumu hadi 25 Juni 2020 ikihesabiwa kuua watu 2,287, iliwaanza wengi kwa homa, uchovu, kuumwa kichwa na kutapika, ambayo huku kila mtu huyadhania malaria. Na damu, iliyongojewa kama ndiyo alama, kwa wengi haikuonekana. Basi nakala iliyofanya kutokwa damu kuwa mlango pekee wa Ebola haifai, hata iwe na jalada la kung’aa. Tafuta kama imetaja kwikwi, na kama inauliza habari za maziko na za wagonjwa waliouguzwa nyumbani. Isiyouliza hayo isiwekwe mezani pa muuguzi wa Butembo.