Terry Pratchett, Fundi wa Hekaya

Miongoni mwa mafundi wa hekaya wa Uingereza namtanguliza Terry Pratchett, ambaye, baada ya kutumika gazetini na kisha kuwa msemaji wa vituo vya umeme wa nyuklia (kazi iliyomnoa, nadhani, ulimi wa stihizai), alitoa mwaka 1983 riwaya ya dunia bapa iliyobebwa na tembo wanne juu ya mgongo wa kasa, hata silsila ikatimia vitabu 41.

Alipotunukiwa cheo cha Sir mwaka 2009, alichimba mawe ya chuma karibu na nyumbani kwake, akayayeyusha, akatia vipande vya kimondo, na kwa msaada wa sahibu zake upanga ukafuliwa. Maradhi ya ubongo yalipomnyima kuchapa, alitamka, kompyuta ikaandika, hadi alipofariki mwaka 2015.