Flint: Sampuli Mbili Zilizogeuza Hukumu ya Maji

Takwimu za ubora wa maji zinaweza kupotosha bila hata namba moja kughushiwa. Mfano ulio wazi ni mji wa Flint, katika jimbo la Michigan, Marekani. Aprili 2014 mji huo uliacha kununua maji ya Detroit yatokayo Ziwa Huron, ukaanza kutumia maji ya Mto Flint bila kuyatia kemikali ya fosfati inayoyazuia yasile mabomba. Nyumba nyingi za zamani zilikuwa na mabomba ya risasi, hivyo madini hayo yakaanza kuingia kwenye maji ya kunywa. Hata hivyo, hesabu rasmi za nusu ya kwanza ya 2015 zilisema mji haujavuka kikomo. Maabara haikukosea. Shida ilikuwa katika kuamua sampuli zipi zihesabiwe.

Kanuni ya shirikisho ya 1991 haitazami wastani. Sampuli hupangwa kutoka ya chini hadi ya juu, kisha husomwa iliyo kwenye nafasi ya asilimia 90. Wakati huo, ikizidi mikrogramu 15 za risasi kwa lita, mamlaka ililazimika kuchukua hatua. Flint ilikuwa na sampuli 71. Asilimia 90 ya 71 ni 63.9, yaani nafasi ya 64, ambayo ni ya nane kutoka juu. Hapo palisomeka 18. Kisha zikaondolewa sampuli mbili, moja ya 20 na nyingine ya 104. Zikabaki 69, nafasi ikawa ya 62, nayo pia ni ya nane kutoka juu, lakini sasa imekaliwa na sampuli iliyokuwa ya kumi: 11. Kipimo hiki hujali nafasi, si ukubwa. Ile 104 ingekuwa 1,000, matokeo yangekuwa yale yale. Kilichoshusha hesabu ni kupungua kwa sampuli mbili upande wa juu.

Mtetezi wa uamuzi huo atasema sheria ilifuatwa: sampuli moja ilitoka jengo la biashara badala ya makazi, nyingine ilitoka nyumba yenye kichujio. Hoja hiyo ina uzito, kwani sampuli isiyo na sifa haifai kuhesabiwa. Lakini kichujio kwa kawaida hupunguza risasi, hakiiongezi. Zaidi ya hapo, kanuni ile ile ilitaka sampuli zitoke kwenye nyumba zenye hatari kubwa, hasa zenye mabomba ya risasi, na mji haukuwa na kumbukumbu za kuaminika za mabomba hayo. Wakazi pia walielekezwa kufungulia maji kabla ya kuyaacha yatuame usiku, jambo linaloosha risasi kabla haijapimwa. Masharti yaliyowekwa kulinda ubora wa takwimu yalikazwa kwa sampuli za juu na kulegezwa kwa zile za chini.

Kundi la mtafiti Marc Edwards wa chuo kikuu cha Virginia Tech lilipima nyumba zaidi ya 250 na, kwenye nafasi ile ile ya asilimia 90, kupata thamani inayozidi 25. Hapa pia pana pingamizi: waliopeleka sampuli walijitolea, na mwenye wasiwasi ndiye hujitokeza kwanza. Ni kweli, na vipimo hivyo pekee visingetosha. Lakini Septemba 2015 daktari Mona Hanna-Attisha alitoa matokeo ya damu: sehemu ya watoto wa chini ya miaka 5 wenye risasi ya kiwango cha juu ilikuwa imepanda, kutoka asilimia 2.4 hadi 4.9 kwa hesabu alizochapisha baadaye. Damu hiyo haikupimwa kwa ajili ya mabishano ya maji, na udhaifu wa takwimu zake si ule wa sampuli za kujitolea. Njia mbili zenye kasoro tofauti zikifika mahali pamoja, ni vigumu kudai kasoro ndiyo iliyozifikisha hapo. Oktoba mji ulirudia maji ya Detroit.

Basi sababu za kuondoa sampuli ziandikwe kabla matokeo hayajajulikana, zitumike kwa za juu na za chini sawia, na ripoti itoe hesabu zote mbili, ya kabla na ya baada. Msomaji wa Flint angepewa 18 na 11 kwa pamoja, angeuliza mwenyewe kilichotokea katikati.