Ufundi Uko Mdomoni

Mwezi wa Juni, saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Mbeya haimwonei huruma mpiga tarumbeta. Katika hewa ya baridi sauti husafiri polepole, na noti hushuka: nyuzijoto 10 zikipungua, inashuka karibu theluthi ya nusu toni. Ndiyo maana kabla ya ibada utamwona mpigaji mzoefu akipuliza kimyakimya, vidole vimetulia. Anaupasha mrija joto kwa pumzi yake.

Chombo chenyewe kimezaliwa kwa moto na mvuke. Mafundi wa kale walichoma vipande vya shaba pamoja na mkaa na mawe yenye zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzijoto 907, shaba huyeyuka kwenye 1,085. Basi mvuke wa zinki huingia ndani ya shaba ingali ngumu, na ile nyekundu hutoka na rangi ya dhahabu. Wanaalkemia wengi waliona hapo dalili kwamba dhahabu inaweza kutengenezwa. Haikuwa dhahabu, ila ndiyo inayopigiwa tenzi hadi leo.

Nyanda za Juu Kusini, matarumbeta ni mali ya kanisa kwanza. Wamisionari wa Moravian walifungua kituo cha Rungwe mwaka 1891. Walutheri wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka huohuo, kisha wakasonga Ubena na Uhehe. Wote walitoka Ujerumani, ambako tenzi hupigwa kwa matarumbeta na tromboni, kila sauti na chombo chake.

Tarumbeta ina vali tatu tu. Ya pili hushusha nusu toni, ya kwanza toni nzima, ya tatu toni moja na nusu. Ukizichanganya unapata mirija ya urefu 7 tofauti. Noti zote nyingine hutafutwa na midomo: pembe zikazwe, katikati pabaki laini, pumzi itoke tumboni. Tena, vali ya kwanza na ya tatu zikibonyezwa pamoja, noti hupanda kidogo kuliko inavyotakiwa. Tazama mkono wa kushoto: kidole cha pete kinasukuma kipande cha mrija nje, kisha kinakirudisha, yote ndani ya pigo moja. Waumini wanaoimba hawaoni kitu.

Joseph Haydn alipotunga konseto yake ya tarumbeta mwaka 1796, alimtungia Anton Weidinger, mpigaji mmoja aliyekuwa na chombo cha aina mpya, peke yake mbele ya okestra nzima. Kwetu mpigaji wa namna hiyo hupanda kirikuu, kile kigari cha mizigo. Msafara wa harusi unapokwea kutoka Ipogolo kuingia mjini Iringa, wenzake wanashikilia sauti za chini na ngoma, yeye anachombeza juu yao. Gari likiruka tuta, chuma hugonga meno, wimbo haukatiki.

Watu humtunza kwa noti ya juu, ile inayopasua barabara. Mimi ningemtunza kwa nyingine. Mpe mapumziko marefu kwenye baridi, kisha aanze ubeti kwa sauti ndogo, noti ya kwanza itoke safi, bila mkwaruzo na bila kutafutwa. Nguvu haimsaidii hapo, wala kelele za wenzake hazimfichi. Akiipata, huyo amehitimu.